Taya Lililovunjika: Tulikotoka, na Anachopaswa Kujua Kila Mama (Sehemu ya 1 hadi ya 6)

SEHEMU YA 1: BIBI NA MJUKUU

 

Wiki iliyopita niliahidi kuanza mfululizo mpya. Wengi mlidhani nitaandika tena habari za chanjo au uji wa lishe. Leo hapana. Leo naanza historia. Usikimbie! Ni historia ya kitu unachokitumia sasa hivi kama unatafuna karanga huku unasoma: taya.

Nianze na kisa. Majina sitaji, na mengine nimeyabadilisha ili mtu asijulikane. Siku moja nikiwa zamu ya asubuhi alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka 7. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, mtoto anasumbuliwa na nini?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Huyu hawezi kula. Mdomo haufunguki. Nimemkanda na maji ya moto, nimempaka mafuta, wapi."

Nikamwambia mtoto afungue mdomo. Ulifunguka kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu, tena kwa shida, na kidevu kikaenda upande. Nikaangalia chini ya kidevu. Kulikuwa na kovu la zamani. Nikauliza, "Bibi, hili kovu la nini?" Akasema, "Aah, hilo la zamani, mwaka jana. Alianguka kwenye ngazi akapiga kidevu. Alishonwa nyuzi tatu, kikapona."

Kidonda kilipona kweli. Lakini ule mshindo wa kidevu ulikuwa umepanda juu hadi kwenye maungio ya taya, pale mbele ya sikio, ukavunja mfupa. Hakuna aliyeangalia. Mfupa ukaunga vibaya, na taya likaanza kushikamana na fuvu. Mtoto alihitaji upasuaji mkubwa kwa jambo ambalo mwaka mmoja nyuma lingetosha kutibiwa kwa vyakula laini, mazoezi ya mdomo na kufuatiliwa kliniki. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwaza. Binadamu amekuwa akivunjika taya tangu dunia iumbwe. Wametutangulia waganga wa kila aina, wamejaribu, wamekosea, wamejifunza. Tumejuaje tunachokijua? Na kwa nini bado mtoto anaweza kushonwa kidevu akarudishwa nyumbani bila mtu kumwambia "fungua mdomo nione"?

Ndiyo sababu ya mfululizo huu. Kila sehemu nitakupa historia kidogo, na mwisho kitu kimoja cha kubeba nyumbani. Cha leo ni hiki: mtoto akianguka na kupiga kidevu, usiangalie kidevu peke yake. Mwambie afungue mdomo wote, kisha aume meno.

Kesho, panapo majaliwa, tunaenda Misri.

SEHEMU YA 2: MISRI NA UGIRIKI

Tuendelee.

Mwaka 1862, katika mji wa Luxor huko Misri, Mmarekani mmoja aliyeitwa Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo lililoandikwa maandishi ya kale. Hakuweza kulisoma lote. Ilichukua hadi mwaka 1930 ndipo mtaalamu James Henry Breasted alipochapisha tafsiri yake kamili. Watu wakashangaa. Lilikuwa ni kitabu cha tiba ya majeraha, kilichoandikwa kama miaka 1600 kabla ya Kristo, na inaaminika kilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi.

Ndani yake kuna wagonjwa 48, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kichwani kushuka chini. Kila mgonjwa ameandikwa kama sisi tunavyoandika faili wodini: umeona nini, umegusa nini, ni tatizo gani, utafanya nini. Na kwa kila mmoja mganga anatoa hukumu mojawapo kati ya tatu: huyu nitamtibu, huyu nitapambana naye, au huyu si wa kutibiwa.

Mgonjwa wa 24 alivunjika taya. Mganga anaambiwa aguse, na mifupa itasagana chini ya vidole. Juu ya mvunjiko kuna jeraha, na mgonjwa ana homa. Hukumu: si wa kutibiwa.

Mgonjwa wa 25 taya lake halijavunjika, limeteguka. Mdomo uko wazi, haufungi. Hapo mganga anaelekezwa aweke vidole gumba ndani ya mdomo, mwisho wa taya, na vidole vingine chini ya kidevu, kisha alirudishe mahali pake. Hukumu: huyu nitamtibu.

Jamani, hivyo ndivyo taya linavyorudishwa hadi leo! Nimesimama pembeni ya daktari mara nyingi nikimshikilia mgonjwa, na vidole vinaenda palepale. Miaka 3600 imepita na mikono haijabadilika. (Usijaribu nyumbani, tafadhali. Vidole vinaumwa na taya linaweza kuvunjika.)

Lakini mwangalie tena yule wa 24. Kwa nini walimkatia tamaa? Huenda ni kwa sababu ya homa. Taya si kama mfupa wa mkono. Linavunjika mara nyingi kwenye mstari wa meno, kwa hiyo mvunjiko unakuwa wazi kwa ndani, kwenye mate na mabaki ya chakula, hata kama ngozi ya nje haina mkwaruzo. Uchafu unaingia. Enzi hizo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Homa ikishaanza, waliona kifo kinakuja. Sisi tuna bahati ya kuwa na antibaiotiki. Ila usafi wa kinywa bado ni tiba ya kwanza, na ndiyo maana manesi tunakusumbua na maji ya chumvi asubuhi, mchana na jioni.

Ugiriki, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, maandishi yanayobeba jina la Hippokrate yanaeleza jambo jipya. Meno yaliyo pembeni ya mvunjiko yafungwe pamoja, kwa uzi wa dhahabu kwa mwenye uwezo, au uzi wa kitani, mpaka mfupa uunge. Kisha vipande vya ngozi laini kutoka Carthage vigundishwe kwenye kidevu na kufungwa utosini, ili taya lipate kushikiliwa.

Na anaonya: kufunga bandeji ovyo kwenye taya lililovunjika kunaweza kudhuru kuliko kusaidia.

Onyo hilo ni letu pia. Nimepokea wagonjwa waliofungwa kanga kidevuni hadi utosini, imekazwa kama mzigo wa kuni. Ukikaza hivyo unaweza kuusukuma mfupa uliovunjika kurudi nyuma, na kama mgonjwa anatapika, matapishi hayana pa kutokea.

Cha kubeba leo: kanga ni ya kushikilia tu, si ya kubana. Na kama anatapika, anatoka damu nyingi mdomoni au hajitambui, usimfunge kabisa.

SEHEMU YA 3: MENO NDIYO MASHAHIDI

Mmoja wenu aliuliza jana, "Nesi, nitajuaje kama limevunjika na mimi sina eksirei?" Swali zuri sana, na jibu lake lina umri wa miaka elfu moja.

Ibn Sina, tabibu mkubwa wa ulimwengu wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake maarufu cha tiba namna ya kujua kwamba taya lililovunjika limerudi mahali pake: angalia meno. Yakikutana vizuri, ya juu na ya chini, taya limekaa sawa. Yasipokutana, bado.

Huo ndio msingi mpaka leo. Pamoja na mashine zote tulizonazo, daktari wa upasuaji wa kinywa bado anaanza na kumaliza kwa kuangalia meno. Fikiria hivi: umeishi na meno yako miaka yote, ulimi wako unayajua moja moja. Mtu akipigwa au akianguka, halafu akakwambia "meno yangu hayakutani kama zamani", mwamini. Taya limesogea huyo, hata kama uso haujavimba.

Zama hizohizo, Andalusia, huko Cordoba, alikuwepo al-Zahrawi, bingwa wa upasuaji, aliyeeleza namna ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi mwembamba wa dhahabu. Kisha Italia, katika karne ya 13, Guglielmo da Saliceto akapiga hatua moja mbele. Alishauri meno ya taya la chini yafungwe na meno ya taya la juu. Yaani taya zima linatumika kama gango la lile lililovunjika. Ukifunga mdomo, mfupa hauna pa kwenda.

Wazo zuri, sivyo? Lakini likasahaulika kwa karne nyingi. Ni mwaka 1887 ndipo daktari Thomas Gilmer wa Illinois, Marekani, alipolirudisha kwa nguvu kwa kutumia nyaya. Kutoka hapo likaenea dunia nzima, na hadi leo kufunga meno kwa waya ni tiba ya kawaida sana katika hospitali zetu Tanzania na Kenya.

Sasa hapa ndipo historia inaingia jikoni kwako, mama. Mgonjwa akifungwa waya, wiki 4 hadi 6 hafungui mdomo. Anakula kwa mrija au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni ya shavu, nyuma ya meno. Nani atampikia? Wewe.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, kijana wa bodaboda. Tulimfunga vizuri, tukamruhusu. Wiki ya pili karudi, waya hazipo. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, waya ziko wapi?" Akanyamaza. Mkewe akajibu, "Dada, njaa. Nilimpa uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Usiku akaazima plaizi kwa jirani akakata." Mkewe huyo alikuwa ana mtoto mchanga mgongoni na hakuna aliyekuwa amekaa naye chini kumwelekeza apike nini. Lile kosa halikuwa lao peke yao. Lilikuwa letu pia.

Basi kwa wote wenye mgonjwa nyumbani: si lazima uji mtupu. Uji utie maziwa, karanga zilizosagwa laini sana, na mafuta kidogo. Supu ya samaki au ya maharage, saga, chuja. Parachichi na maziwa, saga mpaka liwe jepesi. Yai lililopikwa likasagwa ndani ya supu. Kidogokidogo, mara 6 kwa siku, maana kwa mrija hashibi mara moja. Akimaliza, maji ya chumvi vuguvugu, asukutue, kila mara.

Cha kubeba leo ni viwili. Kwanza, uliza meno yanakutana? Pili, mwenye waya mdomoni hakosi kitu cha kukatia waya karibu na kitanda chake, na mtu wa nyumbani aonyeshwe na wauguzi kabla ya kuruhusiwa waya zipi zinakatwa. Si kwa ajili ya njaa! Ni kwa ajili ya kutapika au kushindwa kupumua. Akianza kutapika, ainame mbele, matapishi yatoke pembeni ya mashavu. Akishindwa kupumua, kata, mkimbize hospitali. Na pombe ni marufuku mpaka zitolewe.

SEHEMU YA 4: NESI ALIYEPIGANA NA MUUAJI

Hii naipenda, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, mwaka 1865, Washington.

William Seward alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, mtu wa karibu wa Rais Abraham Lincoln. Tarehe 5 Aprili farasi wa gari lake walitoroka, akaanguka vibaya. Akavunjika mkono, na taya. Akalazwa nyumbani kwake, bintiye Fanny akimwangalia kwa zamu na wengine.

Usiku wa tarehe 14 Aprili, usiku uleule Lincoln alipopigwa risasi ukumbini, mtu mmoja aitwaye Lewis Powell alibisha hodi nyumbani kwa Seward akisema ameleta dawa kutoka kwa daktari. Alipozuiwa kupanda, akampiga mtoto wa kiume wa Seward, Frederick, kwa bastola kichwani hadi fuvu likapasuka. Akaingia chumbani na kisu. Akamkata mgonjwa shavuni na shingoni, palepale kitandani.

Aliyekuwa anamuuguza Seward usiku huo ni askari mmoja, George Robinson, ambaye yeye mwenyewe alikuwa majeruhi wa vita anayepata nafuu. Hakuwa na silaha. Alimrukia muuaji kwa mikono mitupu, akachomwa kisu, hakumwachia. Fanny anapiga kelele. Mwishowe Powell akakimbia. Wote waliojeruhiwa katika nyumba ile walipona. Mwaka 1871 Bunge la Marekani lilimpa Robinson nishani ya dhahabu.

Mkisikia nesi anawafukuza wageni wodini usiku, mkumbukeni Robinson! Natania. Lakini si sana.

Baada ya hapo, taya la Seward lilikuwa bado halijatulia, na sasa shavu limekatwa. Akaitwa daktari wa meno kutoka New York, Thomas Gunning. Yeye alitengeneza kifaa cha mpira mgumu kilichokaa kinywani juu ya meno kama gango, kikiwa na uwazi mbele wa kupitishia chakula. Upande wa pili wa vita ile, Atlanta, daktari wa meno James Baxter Bean alikuwa akitengeneza vifaa vya namna hiyohiyo kwa askari waliovunjika taya. Watu wa pande mbili zinazouana, wamefikia wazo moja.

Angalia pia ni nani waliofikia. Hawakuwa mabingwa wa kukata miguu. Walikuwa madaktari wa meno, watu ambao madaktari wengine wa wakati ule waliwaona kama mafundi wa kung'oa tu. Kumbe anayejua meno ndiye anayejua taya. Hata leo ukipewa rufaa ya taya ukaona umeandikiwa kliniki ya kinywa na meno, usiseme "mbona wamenipeleka kwa daktari wa meno na mimi nimevunjika mfupa?" Ndiko kwenyewe.

Seward aliishi hadi mwaka 1872. Mwaka 1867 ndiye aliyesimamia ununuzi wa Alaska. Lakini mkewe, Frances, alifariki Juni ileile ya 1865, na Fanny mwaka uliofuata. Sisemi kuuguza ndiko kulikowaua. Nasema tu kwamba kwenye vitabu vya historia utamkuta waziri na taya lake, na wale wanawake wamepata mistari miwili.

Cha kubeba leo: anayeuguza naye anahitaji kulala, kula, na mtu wa kumpokea zamu. Kama jirani yako ana mgonjwa wa taya nyumbani, mpelekee supu. Mpokelee mtoto saa mbili alale.

SEHEMU YA 5: USIMLAZE CHALI

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote. Ukisoma moja tu, soma hii.

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Askari walikuwa kwenye mahandaki, kichwa kikichungulia tu juu. Risasi na vipande vya mabomu vikaharibu nyuso kwa maelfu. Huko Ufaransa daktari wa meno Charles Valadier alifungua huduma ya majeruhi wa taya. Gari lake la Rolls-Royce alilifunga kiti cha kutibia meno ndani. Varaztad Kazanjian, mzaliwa wa Kiarmenia aliyesomea Harvard, alifunga na kutengeneza mataya mengi hadi watu wakamwita mtu wa miujiza.

Kijana kutoka New Zealand, Harold Gillies, aliona kazi hiyo akarudi Uingereza kuomba wodi maalumu. Alipewa Aldershot mwaka 1916, na mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali nzima huko Sidcup. Zaidi ya wanaume 5,000 walitibiwa, kwa upasuaji zaidi ya 11,000. Wodini Aldershot vioo viliondolewa. Njiani karibu na hospitali ya Sidcup kulikuwa na mabenchi yaliyopakwa rangi ya bluu, ili wenyeji wajue kuwa anayekaa pale uso wake umeumia, wasishtuke.

Lakini wengi hawakufika Sidcup. Walikufa njiani, na sababu mara nyingine ilikuwa machela.

Daktari wa meno William Kelsey Fry, aliyekuja kufanya kazi na Gillies, alikuwa mstari wa mbele kabla ya hapo. Alimsaidia askari mmoja aliyevunjwa taya kutembea hadi kituo cha huduma, akiwa ameinama mbele, damu ikidondoka chini. Akapumua vizuri njia nzima. Alipomwacha kwenye mikono ya wengine, wakamlaza chali kwenye machela, kama majeruhi yeyote. Akakosa pumzi, akafa. Baadaye mafundisho yakabadilika: majeruhi wa taya asilazwe chali.

Kwa nini? Ulimi umefungwa kwa mbele, nyuma ya kidevu. Taya likivunjika pande mbili, kile kipande cha mbele kinalegea na kurudi nyuma pamoja na ulimi, kinaziba koo. Ongeza damu, meno yaliyong'oka, mate. Ukimlaza chali vyote vinashuka kooni. Akiinama, vyote vinatoka nje.

Sasa njoo barabarani kwetu. Ajali ya bodaboda, watu wamejaa, mmoja anasema "mlazeni chini apumzike". Wanamlaza chali, wanamwekea nguo chini ya kichwa. Kila mmoja ana nia njema. Na mtu anazama kwenye damu yake mwenyewe mbele ya macho ya watu 30.

Cha kubeba leo, tafadhali mfundishe na mumeo, na dada wa kazi, na kijana wa boda anayempeleka mwanao shule:

Kama anajitambua na anataka kukaa, mwache akae, ainame mbele, damu itoke mdomoni. Usimlazimishe kulala.

Kama hajitambui, mlaze ubavu, uso ukiangalia chini kidogo. Mkimgeuza, mgeuzeni watu wawili au watatu pamoja, kichwa, shingo na mwili kwa mstari mmoja, maana shingo nayo inaweza kuwa imeumia.

Toa kwa kidole kile unachokiona tu mdomoni. Usichokoe kooni.

Usimpe maji wala chai. Jino lililong'oka liokote, liwekwe kwenye maziwa au mate yake, liende naye.

Wodi ile ya Sidcup ilitufundisha na jingine. Kumpa dawa ya usingizi kwa barakoa mtu asiye na uso mzima ilikuwa shida kubwa. Baada ya vita, Ivan Magill na Stanley Rowbotham walikuza njia ya kupitisha mpira hadi kwenye koo la hewa, mgonjwa akapumua kwa huo huku daktari anafanya kazi usoni. Dada, kama ulifanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa usingizi mzito, ule mpira uliowekewa asili yake inagusa hapo.

SEHEMU YA 6 (YA MWISHO): WALE TUSIOWAULIZA

Tumalizie.

Baada ya vita ya pili, madaktari wa Ulaya walitaka kumwondolea mgonjwa mateso ya kufungwa mdomo. Hans Luhr wa Ujerumani mwaka 1968 akaleta bamba la chuma linalobana mfupa. Michelet, Bordeaux, na baadaye Maxime Champy, Strasbourg, aliyechapisha kazi yake mwaka 1978, wakaonyesha kwamba vibamba vidogo na skrubu fupi vinatosha, mradi viwekwe kwenye mstari sahihi wa nguvu za kutafuna. Mgonjwa anaweza kufungua mdomo mapema. Leo vibamba vinapatikana kwetu pia, ila vinagharimu zaidi, kwa hiyo waya bado zipo. Ukiambiwa waya, usidhani umepewa tiba ya kimaskini. Ikifanywa vizuri na ukifuata masharti, inaponya.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Ndani ya taya lake kuna meno yanayosubiri kuota, na yale maungio mbele ya sikio ndiyo sehemu muhimu ya ukuaji wa taya. Mfupa wake unaunga haraka, ndiyo maana mara nyingi daktari hamfungi muda mrefu. Anataka taya lichezeshwe mapema lisishikamane. Ukipewa mazoezi ya kufungua mdomo, hayo ndiyo dawa yenyewe. Mtoto atalia, utamhurumia. Fanya tu, kwa upole, kila siku, na kliniki usikose hata kama anakula vizuri, kwa sababu uso kwenda upande huonekana kadiri anavyokua.

Dalili za kukupeleka hospitali siku hiyohiyo baada ya kupiga kidevu: mdomo haufunguki vizuri, kidevu kinaenda upande anapofungua, maumivu mbele ya sikio, damu sikioni, meno hayakutani, ganzi mdomo wa chini au kidevuni. Na mhudumu akishona kidonda akakwambia nendeni, muulize kwa heshima: "Samahani, umeangalia na taya?" Hakuna nesi mwenye akili atakayekasirika. Mimi ningeshukuru.

Nimebakiwa na jambo moja, nimelizungukia sehemu zote tano.

Katika historia yote hii majeruhi ni wanaume. Askari, waziri, askari tena. Lakini mimi wodini napokea na wanawake. "Nimeanguka bafuni." "Nimejigonga mlangoni." Taya lina umbo la bangili iliyokatwa. Ukilipiga upande mmoja, mara nyingi linavunjika na upande wa pili. Mlango haupigi hivyo. Najua. Na wewe unajua kwamba najua. Na mara nyingi aliyekupiga amekaa pembeni ya kitanda anakujibia maswali.

Mganga wa Misri aliandika alichokiona na alichokigusa.  Sisi tunaweza kuuliza. Nikimwambia mumeo "tafadhali subiri nje nimfanyie usafi wa kinywa", wakati mwingine ni usafi, na wakati mwingine ninakupa dakika 5 za kusema. Zitumie ukiweza. Usipoweza leo, rudi kesho. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 ni haki yako. Hospitali kadhaa zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambako unapata huduma zote mahali pamoja. Na kama umeumia vibaya, tibiwa kwanza. Karatasi ndugu anaweza kufuatilia.

Yule mjukuu wa sehemu ya 1 mtauliza. Alipelekwa rufaa, akafanyiwa upasuaji, akaanza mazoezi. Mara ya mwisho bibi alikuja kliniki naye, nikamwambia mtoto, "Haya, nionyeshe." Akafungua mdomo, vidole vitatu vikapita vimesimama. Bibi akasema, "Sasa anakula mahindi ya kuchoma, mwanangu, hata mimi hanibakizii."

Basi leo usiku, kabla hawajalala, waambie wanao wafungue mdomo waume meno, kama mchezo. Uyajue meno yao yanavyokutana wakiwa wazima. Siku yakibadilika utakuwa wa kwanza kujua.

 Maswali yawekeni hapa, nikitoka zamu nitajibu.